Simu Iliyolazwa

Wewe, ukimtumia mtu ujumbe ukaona tiki moja imekaa pale, haiongezeki, unafikiri nini? Amezima simu, si ndiyo? Basi watu wa Nyansurura nao walifikiri hivyo hivyo, na kwa kufikiri hivyo walikuwa wamekwisha kununua mafuta ya taa ya kuchomea nyumba ya Hosea. Walikuwa wanangoja tu wazee wakae jioni ile, waseme ndiyo.

Simu yenyewe ilikuwa juu ya meza ya Sajenti Regina Mayunga, pale kituoni. Simu ya kupangusa, si kubwa sana, kioo kimepasuka kwenye kona, na nyuma ina ganda la plastiki lenye picha ya fahali mweusi. Kijiji kiliinunua mwaka huu, kikampa Hosea, kwa sababu Hosea ndiye kamanda wa sungusungu. Wezi wa ng'ombe wakija, mtu anaandika kwenye kundi la ulinzi, kamanda anaona, anapiga pembe, wanaume wanatoka. Ndivyo walivyopanga.

Alfajiri ile wezi walipoingia zizi la mjane Ghati, mwanawe Elia alitambaa akajibanza nyuma ya ghala la mtama. Kupiga simu hakuweza, wezi walikuwa karibu naye kiasi cha kusikia mtu akimeza mate. Akaandika. Kwanza kwenye kundi, halafu kwa kamanda mwenyewe. "Kamanda wameingia zizini. Piga pembe." Kisha, "Kamanda." Kisha, "Kamanda uko wapi." Zote tiki moja. Walimkuta asubuhi na mshale shingoni, simu yake iko chini ya kifua, bado ina joto la mwili.

Regina alikuwa ameipitia simu ya marehemu jana yake. Kumbukumbu zake zilionyesha kioo kiliwashwa na kuzimwa, kikawashwa na kuzimwa, tena na tena. Kijana alikuwa anachungulia kama tiki ya pili imekuja. Gizani pale, nyuma ya ghala, mwanga ule ndio uliowaonyesha wezi pa kupiga.

Hilo Regina hakumwambia mtu.

Hosea aliletwa kutoka mahabusu. Mtu mrefu, mikono mipana, suruali haina mkanda kwa sababu mikanda inavuliwa mlangoni, basi akawa anaishika kiunoni. Konstebo Mabula akamsogezea kiti kwa mguu.

"Ulizima simu?" Regina aliuliza.

"Sikuzima."

"Ng'ombe wa Ghati wamepita nyuma ya zizi lako. Wako hawakuguswa."

"Njia ya kwenda mtoni ndiyo hiyo, afande. Wapite wapi, angani?"

"Ujumbe wa Elia uliuona lini?"

"Nilipoamka. Nilishika simu niangalie saa. Nikaifungua kwenye kundi, ikaanza kutetemeka mkononi kama kuku aliyekatwa shingo. Nikasoma, nikatoka, nikapiga pembe." Akavuta suruali juu. "Jua lilikuwa limeshatoka."

Mabula alicheka puani. "Kamanda wa kuamshwa na jua. Huko kwetu hata jogoo wa hivyo tunamchinja."

"Huko kwenu Usukumani mnaamshwa na nini, fisi?" Hosea alimjibu, na Mabula akamtazama vibaya.

Regina aliwaacha wamalizane. Yeye alikuwa ameingia kwenye jumbe za kawaida, zile zinazokuja kwa laini yenyewe. Ilikuwepo moja ya mtandao, tangazo la bando. Akaweka simu ya Elia kando ya simu ya Hosea, akalinganisha saa. Tangazo lilikuwa limeingia kwenye simu ya Hosea alfajiri ile ile, katikati ya ujumbe wa pili wa Elia na ule wa tatu.

"Mabula, njoo uone. Simu iliyozimwa inapokea tangazo?"

Mabula aliinama. "Haipokei." Akakuna kidevu. "Basi ndiyo mbaya zaidi. Simu ilikuwa hewani, jamaa akaona, akageuka ukutani."

"Angeona, tiki zingekuwa mbili saa ile ile. Alfajiri ile ujumbe wa Elia haukufika kabisa. Tangazo likafika. Simu moja, laini moja, saa moja."

Aliilaza simu kifudifudi katikati ya meza, akazima kioo, akakataza mtu kuigusa. Akamwambia Mabula atume ujumbe kwa njia ile aliyotumia Elia. Mabula akatuma. Wakangoja. Nje palikuwa na mama anauza ndizi akigombana na mteja juu ya ndizi iliyooza upande mmoja, waliwasikia mpaka wakapatana. Simu kimya. Kwenye kioo cha Mabula, tiki moja.

"Sasa mpigie."

Ikaita. Tena kwa sauti ya pambio la kanisani, kubwa mpaka Hosea akaruka.

"Tuma ujumbe wa kawaida."

Ukaingia hapo hapo.

Sasa nikueleze jambo ambalo Regina alilijua na Mabula hakulijua. Simu hizi zina tabia yao. Ukiilaza mezani, kioo kimezima, haisogezwi, yenyewe inaelewa kwamba mwenyewe hana kazi nayo. Inaanza kuzilaza programu zilizomo ndani, kama mama anavyolaza watoto mmoja mmoja, ili chaji isiishe bure. Baada ya muda inaziamsha zote kwa pamoja, zinachungulia kama kuna jipya, inazilaza tena, na kila ikilala zaidi inachelewa zaidi kuziamsha. Ile ya ujumbe hupewa upendeleo, ujumbe ukija inaamshwa mara moja. Lakini upendeleo huo mwenye simu anaweza kuuondoa. Anaingia kwenye mipangilio, upande wa betri, anasema hii isiamke kabisa mpaka mimi mwenyewe niifungue. Kupigiwa na ujumbe wa laini havizuiwi, vyenyewe havipiti mlango huo.

Regina aliingia huko. Akasoma orodha yote polepole, kwa kidole. Redio, huru. Nyimbo za injili, huru. Ile ya kubashiri mpira, huru, na ndiyo iliyokuwa imekula chaji kuliko zote. Moja tu ilikuwa imefungiwa isiamke, nayo ni ile ya ujumbe, yenye kundi la ulinzi.

"Wewe unabashiri mpira?"

Hosea alitazama chini. "Kidogo."

"Punguza mwanga wa kioo hiki."

Akaichukua. Akapangusa kushoto, akapangusa kulia, kidole kikubwa kama muhogo. Simu ikaanza kumpigia mjomba wake wa Ikoma. Mjomba akapokea, akauliza kama wameshamwachia. Mabula alilazimika kugeukia dirishani.

Regina akakata simu. "Kufungua unachora pateni kwa kidole. Nani anaijua?"

"Mimi. Na mama Evelina."

"Mama Evelina ni mke wako?"

"Jenipha. Ndiyo. Lakini yeye mambo ya simu hayajui, afande."

"Asiyejua ni wewe," alisema Mabula.

Hosea aliitazama simu. Suruali ilimteremka kidogo na hakuishika. Regina alimwangalia mpaka alipoona jambo limeingia mahali pake, ndipo akaamuru arudishwe ndani. Angeweza kumwambia neno moja la kumtuliza. Hakumwambia.

"Nani aliwawekea simu hii?" aliuliza tu, mtu ameshafika mlangoni.

"Athanas. Sokoni Mugumu."

*

Athanas alikuwa na kibanda cha kioo chenye simu zilizofunguliwa matumbo, na alikuwa kijana wa kujipenda, saa mbili mkono mmoja. Alipoona sare ya Mabula akafunika simu tatu kwa gazeti.

"Hizo hatujazifuata leo," Regina alimwambia. Akaweka ile yenye fahali juu ya kioo. "Hii?"

"Ya kamanda wa Nyansurura. Hilo ganda nimelibandika mimi. Nilimwekea kundi likae macho muda wote, hata simu ilale vipi. Nilipima mbele yake."

"Sasa hivi halikai macho."

"Basi ni yule mama."

"Mama gani?"

"Alikuja nayo. Mweupe kiasi, jino la mbele limevunjika. Akaniuliza, simu inaweza kukaa inawaka, ikipigiwa ikaita, lakini hawa wa kundi wasimwamshe mtu mpaka aamke mwenyewe? Nikamwambia inaweza. Nikamwonyesha. Akasema, rudisha kama ilivyokuwa, nifanye mwenyewe. Akafanya. Anajua kusoma huyo, alisoma kila neno kabla ya kubonyeza."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Afande, mwanamke anataka mumewe alale. Mimi ni nani?" Akacheka. "Nilimwambia, na wewe ukikosa wa kukulaza, kibanda hiki hakifungwi mapema."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alikuwa amenyoa nywele. Nikajua ana msiba, nikaacha utani."

"Lini?"

"Wiki ile waliyomzika Mwikwabe. Si mnamkumbuka, yule aliyeletwa amefungwa kwenye blanketi?"

Regina alimkumbuka. Kamanda alipiga pembe, wanaume wakafuata nyayo za ng'ombe mpaka porini karibu na hifadhi, na Mwikwabe hakurudi kwa miguu yake. Alikuwa mdogo wake Jenipha, tumbo moja.

"Ukiitwa mahakamani utasema hivi hivi?"

"Kwani nimekosa nini?" Athanas alisema. "Nimeuza ufundi. Hata anayeuza panga hamuulizi mtu anakwenda kukata nini."

"Fungua hilo gazeti," Regina alimwambia Mabula. "Zile simu tatu tumezifuata leo."

*

Kabla ya kwenda kwa Jenipha walipita kwa Nyangwine, makamu wa kamanda. Walimkuta mbele ya mji wake, yaani boma lake, anasokota kamba ya kufungia ndama, ncha moja kaibana kwa kidole gumba cha mguu. Alikuwa mtu mzima kuliko wote wawili, wakamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Pembe ya mnyama, yenye mkanda wa ngozi, ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo ya mlango. Kutoka pale ghala la Ghati lilionekana, hata mtama uliomwagika chini ulionekana.

"Ujumbe wa Elia uliupata?" Regina aliuliza.

"Kwenye kundi. Niliupata."

"Wakati ule ule?"

"Wakati ule ule."

"Ukafanya nini?"

"Nikavaa viatu. Nikachukua upinde. Nikakaa hapa mlangoni."

"Ukingoja nini?"

"Pembe."

Mabula alitazama ile pembe kwenye nguzo. Nyangwine akamwona.

"Hiyo ni ya makamu," alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Haipigwi kamanda akiwa mzima na yuko kijijini. Ukiipiga umesema kamanda amekufa. Nikitangaza kifo cha mtu aliye hai, mimi na watoto wangu tutakwenda wapi?"

"Ungempigia simu Hosea," Mabula alisema.

"Mura, kijana wangu, makamu hamwamshi kamanda. Kamanda ndiye anamwamsha makamu."

"Na wanaume wengine?"

"Wote waliusoma. Wote walivaa viatu. Nilikuwa nasikia mbwa wao wanavyohangaika, mji hadi mji. Tulikuwa tayari kabisa, afande. Hakuna siku tumekuwa tayari kama ile."

"Elia ulimsikia?"

Nyangwine alivuta kamba, akaipima urefu kwa mkono. "Alilia mara moja. Si kwa muda mrefu."

Regina hakuandika. "Jioni wazee wakikaa utasema nini?"

"Kwamba Hosea alizima simu. Achomewe. Tiki ilikuwa moja."

*

Mji wa Jenipha ulikuwa umefagiwa kama hakuna lililotokea. Vyombo vimeoshwa, vimegeuzwa juu ya kichanja. Ndama kafungwa kivulini. Ugali wa mchana umefunikwa kwa sufuria. Na mlangoni, juu ya kigoda, miguu kainyoosha mbele, alikuwa amekaa Ghati mwenyewe, mama wa marehemu, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Jenipha alikuwa pembeni yake anapukuchua pia. Jino la mbele limevunjika. Nywele ndiyo zimeanza kuota.

"Shikamoo mama," Regina alisema.

"Marahaba." Ghati hakuacha kazi. "Kama mmekuja kumchukua huyu, rudini. Vijana walikuja juzi na mafuta yao ya taa, nikawaambia washeni, lakini mwanzie na mimi. Huyu ndiye aliyemchomoa mwanangu ule mshale. Wanaume wote wamesimama wanaangalia, yeye akapiga goti akauchomoa. Akamfunga taya kwa kitambaa cha kichwani kwake. Hosea akiwa amekosa, ni Hosea."

"Sijaja kumchukua. Nimekuja mwone kitu."

Regina aliitoa simu, akailaza juu ya mahindi katikati ya ungo, kioo chini, fahali juu. Mkono wa Jenipha ulisimama hewani, halafu ukaendelea kupukuchua. Punje zilikuwa sasa zinaanguka nje ya ungo.

Mabula alikuwa amebaki kwenye uzio. Regina akamwonyesha kwa kichwa. Mabula akaandika, akaja akamwonyesha Ghati kioo chake.

"Mimi sikusoma," alisema Ghati.

"Usisome maneno," Mabula alisema, "yaache. Tazama hii alama hapa. Moja. Maana yake nimetuma, haijafika. Simu ile pale, unaiona, iko kimya."

"Imezimwa."

"Mpigie, Mabula."

Pambio la kanisani likapaa kutoka kwenye mahindi. Ghati alishtuka, ungo ukatikisika. Mabula akakata.

"Haikuzimwa," alisema Regina. "Inaita, inawaka, kila kitu. Hosea angeitazama jioni angeiona nzima, angelala na moyo mweupe. Kilichozuiwa ni maneno ya kundi, yasiamke. Na atakayeyaamsha ni yule mwenye kuifungua. Mama Evelina, ifungue."

"Mimi simu za wanaume..."

"Ifungue."

Jenipha aliichukua. Kidole chake kilichora pateni bila yeye kukitazama, chap, kama mtu anayekuna kichwa. Regina akamwonyesha pa kubonyeza. Simu ikatetemeka mara moja mkononi mwake, ikanyamaza.

"Imesema nini?" Ghati aliuliza.

Regina aliinama akasoma kwa sauti, taratibu, kila neno peke yake. "Kamanda wameingia zizini. Piga pembe."

Ghati aliacha kupukuchua.

"Ni maneno ya Elia," Regina alisema. "Nimemwambia konstebo ayatume kama yalivyo, ili mjue yalivyokaa pale alfajiri, yanangoja."

Mabula alitazama pembeni. Hata yeye aliona imezidi. Lakini Regina alikuwa amemgeukia Jenipha, na sauti yake haikupanda wala haikushuka.

"Ulifungia kundi wewe."

"Chaji ilikuwa inaisha, afande. Umeme hatuna, tunachajisha kwa jirani. Nilitaka isiishe."

"Ya mpira inakula chaji kuliko zote. Hukuigusa. Redio hukuigusa. Anayeokoa chaji anaanza na yenye kula sana. Wewe ulifungia moja tu, nayo haili karibu kitu."

"Sikujua ipi inakula."

"Imeandikwa pale pale, juu ya ile uliyobonyeza. Na unasoma. Athanas anasema ulisoma kila neno."

Jenipha aliirudisha simu juu ya mahindi. Aliiweka polepole, akaisukuma kidogo isikae ukingoni. Ndama alikuwa ameanza kulia kivulini na hakuna aliyeinuka kumpelekea maji.

"Mwambie siyo, mama Evelina," Ghati alisema. Aliongea chini, kama mtu anayemsihi mwenzake asimwaibishe mbele ya wageni. "Mwambie tu siyo. Mimi nitawaambia wazee niliyasikia kwa masikio yangu, nyumba yako haitaguswa. Ni neno moja."

Jenipha alimtazama Ghati kwa mara ya kwanza tangu polisi wafike.

"Kama kundi halimwamshi wangu, nilijua pembe atapiga Nyangwine," alisema. "Nilijua hivyo. Nilitaka watoke waume wa wenzangu, wangu abaki amelala. Na kama ni lazima mtu aletwe amefungwa kwenye blanketi, mama, nilitaka aletwe nyumba nyingine."